Yanayofichwa na Njegere

Hadithi, hadithi! Haya, sogeeni. Mhusika wangu leo si sungura wala fisi. Ni mbegu ya njegere, ndogo, ngumu, inayoviringika kiganjani, na habari zake zote zinatokea kwenye bustani ya nyuma ya nyumba hapa hapa Endagikot, Mbulu. Anayeitazama bustani hiyo akiwa mlangoni ataona majani ya kijani na maua meupe, atasema ameiona njegere. Bado hajaiona. Mambo makubwa ya njegere hufanyika chini ya udongo au ndani ya ua lililofungwa, na nataka niwaonyeshe, ili mkishika jembe mjue kinachoendelea pale msipopaona.

Kwanza, kwa nini inapenda kwetu? Mbulu iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai ukungu hulala mabondeni hadi jua lipande, nanyi huenda shule mmejikunyata ndani ya masweta. Baridi hiyo mnayoilalamikia ndiyo njegere inayoitafuta. Inastawi vizuri zaidi kwenye nyuzi 13 hadi 18 za selisiasi. Joto likivuka nyuzi 27 maua huanza kudondoka kabla ya kufunga maganda. Ukiteremka Bonde la Ufa hadi Magugu kwenye mashamba ya mpunga, au Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi kwenye vitunguu, utakuta udongo mzuri na maji ya kumwagilia, lakini njegere ukiipanda huko itakupa majani mengi na maganda ya kuhesabu.

Wala msiichanganye na mbaazi. Hao ni ndugu, ila tabia zao ni mbalimbali. Mbaazi ni kichaka kirefu cha kupenda joto, husimama shambani na mahindi kule Babati na Karatu kwa miezi mingi, na nyingi husafirishwa hadi India. Njegere ni mmea mwororo wa bustani, hauwezi kusimama peke yake, na kazi yake huimaliza ndani ya miezi mitatu hivi.

Ni mmea wa zamani sana. Watu wa Mashariki ya Kati walianza kuulima miaka 10,000 hivi iliyopita, pamoja na ngano na shayiri. Kule Ethiopia, ziliko lugha nyingi za ukoo mmoja na Kiiraqw, kuna hata aina ya njegere ambayo hailimwi kokote isipokuwa kwenye milima ya huko na ya Yemen. Wataalamu wanaiita Pisum abyssinicum. Waethiopia husaga njegere na dengu kupata unga, wakapika nao mchuzi mzito uitwao shiro. Milima ya Afrika na njegere wamejuana siku nyingi.

Sasa tupande. Ngojeni masika yapungue nguvu, mwishoni mwa mwezi wa nne au mwanzoni mwa wa tano, ili mimea itoe maua wakati baridi imekolea. Mkipanda katikati ya mvua kubwa mbegu huoza, kwa sababu njegere haivumilii kukaa kwenye maji. Lima udongo uwe laini, changanya samadi iliyooza hadi imekuwa nyeusi na haina harufu. Samadi mbichi usitie, na hata hiyo iliyooza usiimwage kwa wingi kama ungepanda kabeji. Sababu yake nitaieleza tukifika kwenye mizizi. Chora mfereji mdogo wenye kina cha pingili mbili za kidole chako, weka mbegu moja moja zikiachana kwa sentimita tano au zaidi kidogo, fukia, kisha gandamiza taratibu kwa kiganja. Kati ya mstari na mstari acha nusu mita, mpate pa kukanyaga.

Baada ya wiki moja au siku chache zaidi, kichipukizi kitatokeza. Hapa pana siri ya kwanza.

Chukueni chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ile ya jamu inafaa. Ndani izungushieni kitambaa chenye unyevu, halafu katikati ya kitambaa na kioo wekeni mbegu ya harage upande mmoja na ya njegere upande wa pili. Kila siku tazameni. Harage litatoa mzizi, kisha litajikunja, litajinyanyua na kupanda juu likiwa limebeba vile vipande vyake viwili vinene. Njegere haifanyi hivyo. Vipande vyake vinabaki pale pale chini, na kinachopanda ni shina jembamba peke yake, limeinamisha kichwa.

Vipande hivyo viwili ni akiba ya chakula. Harage huibeba akiba yake juani, njegere huiacha chini. Kuku akipita akadonoa kichwa cha harage changa pamoja na vipande vile, mara nyingi habari yake imekwisha. Akidonoa njegere, akiba ipo salama, na chini kabisa ya shina kuna vijicho vilivyolala. Siku chache baadaye utaona chipukizi jingine linatokeza pembeni. Kwa hiyo ukikuta miche imekatwa, iwe ni kuku au ni wale viwavi wanaokata miche usiku, usikimbilie kung'oa. Mwagilia, zungushia miiba, subiri. Nimeona watu wazima wakiilima upya mistari ambayo ingejiinua yenyewe, na inaniuma.

Mmea ukifika urefu wa kiganja, uchomekeeni fito. Matawi makavu yenye vijitawi vingi ni bora kuliko mti ulionyooka, na mabua ya mahindi yanafaa pia. Mwisho wa kila jani la njegere kuna nyuzi nyembamba, hizo ndizo vikono vyake. Kikono huzunguka hewani polepole kikitafuta. Kikigusa kijiti, upande uliogusa hukua pole kuliko upande wa nje, basi kinajipinda na kujiviringisha kwenye kijiti ndani ya saa chache. Charles Darwin, yule Mwingereza aliyechunguza viumbe, aliugua akawa hatoki chumbani, akatumia muda huo kuiangalia mimea inayotambaa ikijizungusha. Mwaka 1865 alichapisha andiko refu juu ya jambo hilo, ambalo baadaye likawa kitabu. Nanyi mnaweza kulitazama bila kitabu. Asubuhi wekeni kijiti kikiguse kikono kilichonyooka, mrudi baada ya chakula cha mchana.

Tuingie sasa chini ya udongo, kwenye siri ya pili, mahali ninapopapenda kuliko pote.

Siku maua ya kwanza yatakapochanua, ombeni ruhusa ya kuutoa mmea mmoja tu. Msiuvute. Chimbeni kuuzunguka, muuinue na bonge lake la udongo, mulitie bonge hilo kwenye beseni la maji na kulitikisa hadi mizizi ionekane. Mtaona vinundu vidogo, vingine kama kichwa cha pini, vingine vimekua na kushikana. Mtu asiyejua atasema mmea unaumwa. Sasa kateni kinundu kimoja kwa wembe, mkubwa wenu ndiye ashike wembe. Ndani kuna rangi ya waridi, karibu na ya damu.

Ndani ya kinundu wanaishi bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Walikuwa udongoni, mzizi ukawaita kwa kemikali, wakaingia, mzizi ukawajengea chumba. Njegere inawalisha sukari inayotengenezwa na majani juani. Nao wanalipa kodi ya chumba kwa kitu ambacho njegere haiwezi kujipatia, nayo ni naitrojeni. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini iko katika hali ambayo mmea hauwezi kuitumia. Mahindi yanasimama ndani ya naitrojeni tele huku majani yakigeuka njano kwa kuikosa. Bakteria hawa huichukua kutoka kwenye hewa iliyo kati ya chembe za udongo na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Mbolea ya urea ambayo wazazi wenu hununua kwa mfuko huipa mimea naitrojeni hiyo hiyo, ila kuitengeneza kunahitaji kiwanda, joto kali na mgandamizo mkubwa. Ndani ya kinundu hakuna moto wala mashine.

Na ile rangi ya waridi? Bakteria wanapoifanya kazi hiyo, oksijeni ikizidi inawaharibia. Kwa hiyo kinundu kina protini inayoishika oksijeni na kuitoa kidogo kidogo. Protini hiyo ni ndugu wa himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu yenu na kuifanya nyekundu. Kinundu cha waridi kinafanya kazi. Kikiwa cheupe bado hakijaanza, au hakina bakteria wa kufaa. Kikigeuka kijani au kahawia kimezeeka.

Wakulima walijua kwa karne nyingi kwamba baada ya jamii ya kunde shamba hupata nguvu, lakini hawakujua nguvu inatoka wapi. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walionyesha kwamba njegere zenye vinundu hupata naitrojeni kutoka hewani, na zisizo navyo hufa njaa kwenye mchanga usio na mbolea. Miaka miwili baadaye Mholanzi Martinus Beijerinck akawatoa bakteria wale vinunduni na kuwakuza peke yao.

Sasa mtaelewa kwa nini nimesema msizidishe samadi. Mzizi ukikuta naitrojeni ya bure imejaa udongoni, haujisumbui kuwalisha wapangaji. Vinundu huwa vichache, majani yanakuwa mengi na ya kijani kibichi, maganda yanachelewa. Majivu ya jikoni machache ni zawadi nzuri zaidi, maana njegere haipendi udongo wenye uchachu.

Maarifa ya kuulisha udongo si mageni hapa. Pale Kainam, walikotoka Wairaqw wengi kabla ya kutawanyika hadi Karatu, Babati na Hanang, watu wamelima miteremko ile ile kizazi baada ya kizazi bila kuichosha. Samadi ya zizini hubebwa hadi shambani, magugu na mabua hufukiwa ndani ya matuta yaoze huko huko, na matuta huzuia maji yasiuchukue udongo. Lowe Börjeson, mwanajiografia kutoka Sweden, aliandika kitabu juu ya kilimo chao mwaka 2004. Mwenye babu au bibi wa Kainam amuulize namna ya kufukia magugu. Hayo ni masomo kamili, na mwalimu yupo nyumbani.

Turudi juu, kwenye ua. Hapa pana siri ya tatu.

Ua la njegere lina petali tano. Moja kubwa husimama nyuma, mbili ziko ubavuni, na mbili za chini zimeshikamana zikafunga kabisa. Ndani ya hizo mbili kuna chavua pamoja na mahali pa kuipokea. Chagueni ua ambalo limebakiza siku moja tu lichanue, mulifungue kwa kucha kwa uangalifu. Mtakuta vumbi la njano limekwisha kumwagika. Maana yake ua limejichavusha lenyewe kabla mlango haujafunguliwa. Nyuki akija kesho yake amechelewa. Ndiyo sababu mnaweza kupanda njegere aina mbili kwenye bustani moja na kila moja ikaendelea kuzaa ya kwake. Mahindi hayawezi hivyo, upepo huyachanganya.

Tabia hiyo ndiyo iliyomvutia Gregor Mendel. Alizaliwa mwaka 1822 kwa wazazi wakulima, akawa mtawa katika mji wa Brno, ambao leo uko nchi ya Cheki. Monasteri ilikuwa na bustani, naye kuanzia 1856 hadi 1863 alipanda humo mimea ya njegere ipatayo 28,000. Kwa kuwa ua limefungwa, aliweza kuwa na uhakika baba na mama wa kila mbegu ni nani. Alilifungua ua changa, akaondoa vyenye chavua, akapaka chavua ya mmea aliouchagua yeye, akalifunika.

Mwageni mbegu kavu za njegere kwenye sinia muone alichokiona. Zingine ni za mviringo, laini. Zingine zimekunjamana. Mendel aliozesha za mviringo na zilizokunjamana. Watoto wote wakatoka mviringo, hata mmoja hakukunjamana. Mtu mwingine angesema mkunjamano umepotea. Yeye akaipanda mimea hiyo, akaiacha ijichavushe, akahesabu wajukuu mmoja mmoja: 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana. Gawanyeni wenyewe. Ni karibu tatu kwa moja. Mkunjamano haukuwa umepotea, ulikuwa umejificha kwa kizazi kizima ndani ya mbegu laini. Kwa hesabu hizo aligundua kwamba kila mtoto hupokea sehemu moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na kwamba sehemu moja inaweza kuifunika nyingine bila kuifuta. Ndivyo mtoto anavyoweza kufanana na bibi yake kuliko mama yake.

Alichapisha matokeo mwaka 1866. Waliosoma hawakuona uzito wake. Alifariki mwaka 1884, na ilipofika 1900 ndipo wanasayansi watatu, kila mmoja kwa njia yake, wakafika mahali alipokuwa amefika yeye. Leo ng'ombe wa maziwa wanaochaguliwa kwa ajili ya mbegu, na mahindi yanayostahimili ukame, huzalishwa kwa elimu iliyoanzia kwenye tuta la njegere. Napenda sana kwamba haikuanzia kwenye mti mkubwa wala mnyama wa ajabu.

Mkunjamano wenyewe una maana hata jikoni. Mbegu ya kukunjamana inashindwa kugeuza sukari yake yote kuwa wanga. Sukari inayobaki huvuta maji, mbegu inavimba, ikikauka ngozi inabaki kubwa kuliko kilichomo, inajikunja. Kwa hiyo za kukunjamana kwa kawaida ni tamu zaidi zikiwa mbichi, na za mviringo ni nzuri za kukausha.

Wadudu nitawapitia haraka. Vidukari hujazana kwenye ncha changa. Wapukuteni kwa maji yenye sabuni kidogo, na wale mbawakavu wadogo wekundu wenye madoa meusi msiwaue, wanakula vidukari. Mkiona unga mweupe juu ya majani, huo ni ugonjwa wa ubwiri unga. Acheni nafasi hewa ipite, mwagilieni chini kwenye shina, na majani yaliyoshikwa yatoeni. Dawa za dukani ni kazi ya watu wazima.

Kuchuma kuna wakati wake. Ganda linatangulia kukua likiwa bapa, mbegu zinafuata. Likijaa lakini bado linang'aa, mbegu zikihisika kwa kidole bila kusukuma ganda hadi lififie, chuma. Shika shina kwa mkono mmoja na ganda kwa mwingine, ukivuta kwa mkono mmoja utang'oa nusu ya mmea. Anzeni maganda ya chini, ndiyo yanayotangulia kukomaa, mrudie kila baada ya siku mbili au tatu. Ukiyaacha yakakauka kwenye mmea, nao utaona umekwisha kupata uzao, utaacha kutoa maua.

Tangu dakika ganda linapokatwa, sukari ndani ya mbegu inaanza kugeuka wanga. Njegere zinazosafiri kwenye gunia hadi Arusha na kukaa sokoni hufika zimepoteza utamu mwingi. Zenu zina safari ya kutoka bustanini hadi jikoni tu. Menyeni jioni ile ile, mle mbili tatu mbichi, hakuna atakayewagombeza. Zilizobaki zipikwe na viazi, karoti na nyanya, ziliwe na ugali au wali. Hazihitaji kuchemka muda mrefu kama kavu.

Acheni mimea michache iliyo bora bila kuichuma, ile iliyozaa sana na haikushikwa na unga mweupe. Fungeni kitambaa chekundu ili mtu asisahau akachuma. Maganda yakikauka hadi mbegu zinalia ndani ukitikisa, toeni, anikeni juani siku kadhaa, changanyeni na majivu makavu yaliyochekechwa, mzitie kwenye chupa inayofunga vizuri. Kuna wadudu wanaotoboa mbegu ghalani, na majivu huwazuia. Kwa kuwa ua lilijichavusha, mbegu hizo zitazaa njegere zile zile.

Mimea ikimaliza, msiing'oe. Kateni mashina usawa wa ardhi na kuiacha mizizi na vinundu vyake vioze humo. Lakini naitrojeni nyingi haiko mizizini, imepanda kwenye mbegu mlizokula na kwenye majani. Basi majani nayo yasitupwe barabarani. Yafukieni kwenye tuta kwa mtindo wa Kainam, au mpeni ng'ombe na samadi yake irudi bustanini. Mwaka ujao njegere ihamie tuta jingine, na isirudi hapo hadi misimu mitatu ipite, maana magonjwa yake huingojea udongoni. Pale ilipokuwa pandeni mboga yenye njaa: sukuma wiki, kabeji, au kitunguu saumu ambacho Mbulu inasifika kwacho. Mvua za vuli zikianza, limeni tuta hilo kabla ya mengine yote.